Muuzeni Kijana, Mleteni Stroud

Buffalo, 17 Aprili 1988

Dada yangu Ludka,

Salamu nyingi kutoka mtaani Kaisertown. Hatujambo. Theluji imekwisha, imebaki ile chafu nyuma ya kanisa ambayo haiyeyuki mpaka padri aionee aibu. Renata binti yangu hajambo. Kazi ya benki inamchosha na mumewe anamchosha zaidi. Siku hizi kila Jumanne ananichukua kwa gari, tuna vishughuli mjini. Ni mambo ya makaratasi ya wazee, usijisumbue kuuliza. Mimi niko vizuri, ila soseji za Pasaka mwaka huu hazikunipita kooni. Nadhani mchinjaji amebadilisha viungo.

Renata ananicheka kwamba bado tunaandikiana barua na simu ipo ukutani. Nimemweleza alichosema bibi yake, Mungu amrehemu: nyinyi wawili mkishika simu mnagombana na kubamiziana, basi andikianeni, maana barua haibamizwi.

Sasa tuje kwenye la maana. Wahunzi wetu wa besiboli wameanza msimu kwa moto. Mara ya mwisho walipotwaa ubingwa nilikuwa kijana mgeni pale kiwandani, nywele zote kichwani. Tangu hapo, ng'ombe wa maskini hazai. Mwaka huu tuna wapigaji, tuna mdakaji mwenye akili, kinachokosekana ni mrushaji mmoja aliyekomaa. Na wakubwa wa timu wanafanya nini? Wamekumbatia chipukizi wao waliotawanyika katika timu ndogo huko mashambani, eti hao ndio kesho. Nimeambiwa kesho maisha yangu yote. Chipukizi ni picha ya chakula, Ludka, na mkongwe ni chakula chenyewe mezani. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Wauzwe wote, tuletewe mtu mwenye mvi anayejua kazi yake, tushinde mwaka huu huu.

Kaka yako,
Kazik


Kestrel, Iowa, 8 Mei 1988

Kaka Kazik,

Barua yako imefika pamoja na kadi ya Renata, mshukuru. Huku mahindi yameanza kuchungulia. Jikoni shuleni wametuletea mashine mpya ya kuosha sahani, nayo kazi yake ni kuzivunja. Goti langu linaniambia mvua inakuja hata siku mvua haiji. Kaburi la mume wangu Emil nimelipandia maua mekundu, yale aliyokuwa akiyachukia, ili ajue bado nipo.

Timu yetu ya Panzi imeniletea mgeni wa mwaka huu. Unaijua desturi yetu: timu ndogo haina fedha za kuwapangia vijana nyumba, basi kila mwenye chumba kitupu anamchukua mmoja msimu mzima, anamlisha, anamfulia, na ananyamaza. Kunyamaza ndiyo kanuni yetu kubwa. Akirudi analia, hukuona. Akirudi kalewa, hukusikia. Nami nakukumbusha, kwa kuwa umezeeka, kwamba Panzi ni mali ya Wahunzi wako. Hao unaotaka wauzwe kama magunia ya viazi wanakula mezani kwangu.

Huyu anaitwa Orrin Tackett, ana miaka ishirini, ametoka milima ya Kentucky ambako baba yake anapasua mbao. Anarusha kwa mkono wa kushoto, na mpira wake unapinda mpaka mpigaji anajionea haya. Siku ya kwanza aliniona nimebeba kapu la nguo, akanipokonya. "Mama Ludka, wewe kaa. Mimi nina mgongo mpya." Nikamwambia nina kaka Buffalo anayetaka auzwe. Akacheka, mdomo umejaa mayai: "Mwambie basi aniuze ghali."

Subira yavuta heri, Kazik. Umengoja miaka yote hiyo, mitatu mingine itakuua?

Na mchinjaji wako ni yuleyule aliyekuwepo tangu Renata abatizwe. Umemwona daktari?

Dada yako,
Ludka


Buffalo, 12 Juni 1988

Ludka mpenzi,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Daktari nimemwona na anasema moyo wangu ni wa farasi. Umeridhika? Renata anakusalimu. Ananinunulia suruali kubwa kupita kiasi, nafunga mkanda kama gunia. Kuhusu goti lako, paka mafuta ya moto na uache kupanda ngazi.

Huyo Orrin wako! Gazeti la jana limeandika jina lake. Pale Portland yupo mrushaji anaitwa Vernon Stroud, miaka thelathini na saba, mvi masikioni, uso kama mtu aliyekopwa asilipwe. Timu yake imekwisha kabisa mwaka huu, hivyo wako tayari kumtoa. Wanataka kitu kimoja tu: Tackett wa Kestrel. Mlango wa kubadilishana wachezaji unafungwa siku ya mwisho ya Julai, na wakubwa wetu wanajikuna kichwa.

Mimi sijikuni. Kila jioni napiga simu kwenye kile kipindi cha redio. Wamenizoea sasa. Mtangazaji anasema, "Kazik wa Kaisertown, karibu, mzee wetu, una lipi leo?" Nami namjibu, "Muuzeni kijana, mleteni Stroud." Basi. Juzi nimeingia kwa kinyozi, watu wote wakaimba kwa pamoja: muuzeni kijana, mleteni Stroud. Nilijisikia kama askofu.

Unaniambia subira yavuta heri. Nimevuta, Ludka. Kamba imekwisha, na hiyo heri sijaiona hata mkia. Mashabiki wenzangu wa kiwandani, karibu wote, wamezikwa na kofia za Wahunzi kifuani. Hakuna hata mmoja aliyezikwa bingwa. Mwache kijana aende Portland akue huko, atakuwa sawa tu. Ana miaka ishirini, anayo kesho ya kuchezea. Si kila mtu anayo.

Kaka yako,
Kazik


Kestrel, 3 Julai 1988

Kaka Kazik,

Huku joto limetua kama kuku anayelalia mayai. Shule imefungwa, kwa hiyo nipo nyumbani natengeneza jamu. Kesho ni sikukuu na Panzi wanacheza, mji mzima utakuwepo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Huyu si kaka yangu ninayemjua. Kazik ninayemjua hulalamika mwaka mzima, kisha mwezi wa kumi anasema "mwakani", anakwenda kunywa bia. Hii haraka umeipata wapi? Niambie.

Sasa nitakueleza jambo ambalo sikupaswa kumweleza mtu, navunja kanuni ya nyumba zetu kwa kukwambia. Orrin anaumwa. Nimeona anamimina maziwa kwa mkono wa kulia. Nimeona hawezi kuinua ule wa kushoto kuchana nywele. Analala na barafu begani, mfuko wa njegere zangu za friji, asubuhi anaurudisha kimya akidhani sijui. Nilipomuuliza alikaa kwenye ngazi akaniambia, "Mama Ludka, wakijua, watanirudisha kwenye mbao. Nikifika Septemba, msimu wetu ukiisha, nitapumzika wakati wa baridi, mkono utarudi. Nifikishe Septemba tu." Nikamwambia kwetu husemwa mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema basi aumbuliwe Septemba.

Unaelewa? Akiuzwa, madaktari wa Portland watampima kabla ya kumpokea, na hapo ndipo mwisho wake. Akibaki, ana nafasi. Kijana huyu hana kitu kingine duniani isipokuwa huo mkono. Nakuomba, kwa damu ya Mama yetu, acha kuwapigia kelele. Na usimwambie mtu. Hata Renata.

Ludka


Buffalo, 20 Julai 1988

Dada,

Hatujambo. Renata amepaka rangi jiko langu bila kuniuliza, sasa ni la njano kama homa.

Siri yako imo tumboni mwangu na ufunguo nimeumeza. Sijamwambia Renata, sijamwambia padri. Lakini acha nikuulize kama mtu mzima kwa mtu mzima. Kama mkono ni mbovu, si ndiyo sababu ya kumtoa upesi, angali na bei? Portland wakimchelewesha daktari, sisi tumepata Stroud. Najua neno hilo ni baya. Nimeliandika, nimelikata, nimeliandika tena.

Jana redioni yule mtangazaji alinichokoza. Akasema, "Mzee Kazik, unapiga kelele kila siku, wewe unajua nini kuhusu huyu Tackett?" Watu wanacheka nyuma yake. Sikupenda. Nikamjibu, "Najua kuliko wewe na bosi wako. Dada yangu ndiye anayemlisha. Na mtu mwenye akili huuza mbuzi kabla hajaanza kuchechemea." Sasa wakamcheka yeye, akanikatia simu, akaweka tangazo la matairi.

Sikusema mkono, Ludka. Sikusema bega. Nilisema mbuzi tu.

Kazik


Kestrel, 2 Agosti 1988

Kazik,

Mwandishi mmoja wa gazeti la huko kwenu aliusikia huyo mbuzi wako. Akaandika mistari miwili: shabiki ambaye dada yake anamlisha Tackett amedokeza kijana anachechemea. Portland wakaisoma. Wakasema wanataka apimwe kwanza, siku hiyohiyo. Daktari wa Wahunzi akaja hapa kwa ndege ndogo, wakamwambia Orrin ainue mkono. Akauinua mpaka usawa wa kifua, akatabasamu, jasho likimtoka.

Kano imechanika. Kwa kuwa alificha, wanasema amevunja mkataba. Wamelikata jina lake kabla ya chakula cha mchana. Biashara imekufa, mlango umefungwa juzi, na Stroud wako amekwenda kwa wapinzani wenu, Duluth. Hongera.

Kijana huna, mkongwe huna. Usiniandikie.

L.


Buffalo, 28 Agosti 1988

Ludka,

Najua umenikataza. Nakuandikia kwa penseli kwa sababu kalamu haitoi wino vizuri mtu akiwa amelala. Ni mafua tu yamenilaza.

Mdomo uliponza kichwa, wazee walisema, ila mdomo wangu umeponza kichwa cha mtoto wa watu. Sipigi tena simu redioni. Mtangazaji ameuliza hewani, yuko wapi Kazik wa Kaisertown, Renata akaizima.

Nina swali moja. Je, Orrin anajua ilikuwa mimi? Wahunzi bado wanaongoza, lakini Duluth wanakuja nyuma yao na huyo Stroud anawarushia kama shetani.

Nijibu hilo moja tu.

Kazik


Buffalo, 3 Oktoba 1988

Dada yangu Ludka,

Hukujibu. Ni haki yako.

Ilibidi mechi ya mwisho iamue, jana, Wahunzi na Duluth, hapa nyumbani. Renata aliniletea redio kitandani. Nadhani nikuambie kitanda gani. Niko hospitali, ghorofa ya saba, nimekuwa hapa tangu mwezi wa nane. Zile Jumanne zilikuwa za dawa. Ni tumbo, Ludka. Walinifungua mwezi wa pili, wakaangalia, wakafunga tena. Nikamuuliza daktari nina misimu mingapi. Akasema, kwa upole, mmoja. Na moyo ni wa farasi kweli, hilo sikukudanganya, ndiyo maana nakufa polepole.

Hivyo ndivyo nilivyoipata hiyo haraka.

Vernon Stroud alirusha mechi yote. Wapigaji wetu walipiga hewa kama watu wanaofukuza nyuki. Mpigaji wetu wa mwisho alisimama, akatazama mpira ukimpita, akabaki amesimama hata baada ya kuambiwa imekwisha. Tulifungwa mbili bila. Mzee wa kitanda cha pili alisema, "Mwakani," halafu akanitazama, akaomba radhi.

Ungeniuliza kwa nini sikukuambia. Ningekuambia, ungeacha kubishana nami. Ungekuwa mpole. Wote walikuwa wamekwisha kuwa wapole, hata mume wa Renata ananisogezea kiti. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa bado ananitukana kama mzima, na sikutaka kumpoteza. Sasa nimempoteza kwa njia nyingine.

Nilitaka kuwaona wameshinda mara moja nikiwa na akili ya mtu mzima ya kuelewa. Kwa ajili ya hilo nilimuuza kijana ambaye sikuwahi kumwona, na bado sikulipwa.

Kazik


Kestrel, 23 Oktoba 1988

Kaka Kazik,

Hapa wanavuna. Vumbi la mahindi limeingia hata kwenye sukari. Sijui kuandika salamu baada ya barua yako, lakini Mama angenipiga nisipoziandika, basi pokea salamu.

Nilikuwa na hasira ya kutosha majira mawili. Sasa nimebaki nayo mkononi, sijui niiweke wapi, maana yule niliyekuwa nimemwekea hayupo tena, yupo mwingine, amelala ghorofa ya saba.

Uliniuliza kama anajua. Anajua. Mistari ile ya gazeti ilibandikwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alirudi, akakaa kwenye ngazi zilezile, akaniuliza, "Mama Ludka, ulimwambia nani?" Nikasema, kaka yangu. Akatikisa kichwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Yule aliyetaka kuniuza ghali?" Akaingia ndani, akaosha sahani yake kwa mkono wa kulia, akafunga mfuko. Sikumtetea mtu, si wewe wala mimi. Ulimi wa kwanza kuteleza ulikuwa wangu.

Juzi imekuja kadi kutoka Kentucky, mwandiko wa kushoto, umepinda. Anapasua mbao na baba yake. Anasema anatumia bega la kulia. Chini ameuliza: Wahunzi walishinda? Bado sijamjibu. Ninaanza kuandika, naiacha.

Ungeniambia, Kazik. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Ungeniambia mwezi wa nne kwamba huna mwaka mwingine, huenda ningekaa na Orrin, nikamweleza, na yeye mwenyewe angekwenda kwa daktari mapema. Au pengine ningekuombea auzwe. Hapo ndipo ninapojiogopa, maana sijui ningemchagua nani. Ulificha ili nisiwe mpole, na mimi nikakuandikia mithali ya mficha maradhi bila kujua namwambia nani.

Shule inanipa ruhusa katikati ya Novemba. Nitapanda basi la tarehe kumi na sita, nitafika Buffalo Alhamisi kumi na saba jioni. Usiniombe msamaha nikifika, sina wa kukupa bado. Nitakaa tu.

Dada yako,
Ludka


Buffalo, 6 Novemba 1988

Ludka,

Renata ndiye anayeandika, mimi nasema. Anakusalimu. Anasema nimwache aandike na yake, nimekataa, karatasi ni yangu.

Theluji ya kwanza imeanguka. Kutoka dirishani naliona paa la kiwanda, hakuna moshi.

Leo amenisomea gazeti akiogopa. Wahunzi wamewauza wakongwe wao wote, mdakaji yule mwenye akili pia. Wamechukua chipukizi wanne, wa mwisho ana miaka kumi na minane. Mkubwa wa timu amesema hao ndio kesho, na anawaomba mashabiki wawe na subira mpaka mwaka tisini na mbili. Renata alidhani nitapandwa na hasira. Nilicheka mpaka nesi akaja, halafu nikalia mpaka akaja tena. Baadaye nikamwambia arudie majina yao, polepole, mmoja mmoja. Ni watoto. Mmoja ni wa mkono wa kushoto.

Mjibu Orrin. Mwambie hawakushinda. Mwambie mzee wa Buffalo amesema hakukuwa na bei ya kumtosha. Kama neno hilo ni baya, usiliandike, mwambie tu hawakushinda.

Watu wa redio wanasema theluji kubwa inakuja kutoka ziwani katikati ya mwezi. Ikizuia basi lako, usiniandikie barua, itachelewa. Piga simu. Namba ya wodi Renata ataiweka chini hapa. Sema lolote, nitukane ukipenda. Sitakata.

Kazik